Nafsi Ilimsuta Nani Mtoni? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Heart of Darkness

Barua tulizozichagua safari hii zote zinahusu riwaya moja, Heart of Darkness ya Joseph Conrad, ambayo kwa Kiswahili tungeiita Moyo wa Giza. Kwa faida ya msomaji ambaye hajaisoma, kisa chenyewe ni hiki: baharia aitwaye Marlow, akiwa na wenzake ndani ya jahazi lililotia nanga katika mto Thames wakingoja maji yaanze kupwa, anasimulia jinsi alivyoajiriwa na kampuni moja ya Ulaya kuendesha stima katika mto mkubwa wa Afrika, na jinsi alivyokwenda kumchukua Kurtz, wakala wa pembe za ndovu ambaye sifa zake zilikuwa zimevuma katika kila kituo. Anamkuta yu mgonjwa, amejifanya mungu mdogo, na mbele ya nyumba yake vichwa vya watu vimechomekwa juu ya miti. Kurtz anafia njiani wakati wa kurudi.

*Ndugu Mhariri, ninafundisha fasihi katika shule ya sekondari, na kila mwaka darasa langu hugawanyika mahali pale pale. Wengine husema Kurtz alitubu alipokuwa akikata roho, wengine husema mtu aliyechomeka vichwa vya watu mitini hana dhamiri ya kutubia. Mimi mwenyewe nashindwa hata kuyatafsiri yale maneno yake ya mwisho. — Mwalimu wa fasihi*

Ndugu Mwalimu, tuanze na tafsiri, kwa sababu ugomvi wa darasa lako umejificha humo. Kurtz amelala ndani ya stima, anasema yuko gizani akingoja kifo, ilhali mshumaa unawaka karibu kabisa na macho yake. Kisha ananong'ona neno moja mara mbili, kwa sauti isiyozidi pumzi. Neno hilo kwa Kiingereza, "horror", ni nomino tupu, haina mtendaji wala mtendwa, na Kiswahili hakimpi mtu maficho hayo kwa urahisi. Ukiandika "Kitisho! Kitisho!", msomaji atauliza nani katishwa. Ukiandika "Unyama! Unyama!", atauliza nani kautenda. Ukiandika "Ole wangu!", umeshamtubisha kabla hajatubu. Mimi ningechagua "Unyama", huku nikijua kwamba nimemsogeza Kurtz karibu na kukiri kuliko mwandishi alivyotaka. Afadhali kosa hilo kuliko "Hofu", neno ambalo wanafunzi wengi hulikimbilia, na ambalo linamgeuza muuaji kuwa mtu anayeogopa kufa.

Je, hiyo ni toba? Marlow, ambaye ndiye shahidi pekee, anauita mnong'ono huo ushindi wa kimaadili, na wahakiki wengi wamemfuata. Mimi simfuati hadi mwisho. Sisi husema kwamba nafsi humsuta mtu, na kitenzi hicho kina uzito wake. Kusuta si kulaumu chini kwa chini. Anayesutwa huendewa, huwekwa ana kwa ana na wale aliowakosea, na huulizwa jambo lake mchana kweupe mbele ya mashahidi. Kwa hiyo mtu anayesutwa na nafsi yake amebeba kifuani baraza zima la watu aliowadhulumu, nalo halimpi nafasi ya kutoroka. Ukitazama kifo cha Kurtz kwa jicho hilo, utaona kwamba baraza halimo. Hataji mtu hata mmoja, hataji kijiji, hataji kichwa kimoja kati ya vile vilivyogeuziwa nyumba yake uso. Katika safari ile ile ya kuteremka mto bado anazungumzia mchumba wake, kituo chake na kazi yake, na Marlow alikwisha kutueleza jinsi alivyozoea kusema "pembe zangu, mto wangu". Wanavyuoni wanaofundisha masharti ya toba husema dhambi inayogusa haki ya mtu haifutiki kwa majuto peke yake mpaka haki irudi kwa mwenyewe, na pembe alizozinyang'anya Kurtz zilikuwa zimesharundikwa ndani ya stima ile ile aliyofia. Waambie wanafunzi wako, kama watakubali, kwamba alijihukumu bila kutubu.

Lakini kundi la pili nalo halijapata jibu. Dhamiri Kurtz alikuwa nayo, tena yenye ufasaha. Katika riwaya aliombwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Kukomesha Desturi za Kishenzi aiandikie taarifa ya kuiongoza, naye akaandika kurasa 17 za maneno ya kusisimua kuhusu wema usio na mipaka ambao Mzungu angeweza kuutenda. Chini ya ukurasa wa mwisho, baadaye sana, kwa mkono uliokuwa ukitetemeka, aliongeza mstari mmoja: "Waangamizeni hayawani wote!" Wanafunzi hupenda kuuona mstari huo kama wazimu uliovamia taarifa njema kutoka nje. Warudishe mwanzo wa taarifa, pale anaposema kwamba weupe lazima waonekane kwa wenyeji kama viumbe wenye nguvu za kimungu. Aliyekwisha kujipa uungu katika ukurasa wa kwanza, wa mwisho unamdai nini tena? Giza la riwaya hii limo humo, katika insha nzuri iliyoandikwa na mtu aliyejiona mwema.

*Mhariri, je, Kurtz alikuwa mtu wa kweli? — Msomaji wa siku nyingi*

Hakuwa mtu mmoja. Conrad, Mpolandi aliyezaliwa mwaka 1857 na kujifunza Kiingereza ukubwani, alikwenda Kongo mwaka 1890 kwa mkataba wa miaka mitatu na akaondoka baada ya takriban miezi sita, mgonjwa na amechukizwa. Alitembea kwa miguu kutoka Matadi hadi Kinshasa, kisha akapanda mto kwa stima iliyoitwa Roi des Belges hadi Stanley Falls, mahali tunapopaita leo Kisangani. Huko walimpakia wakala mmoja mgonjwa, Georges-Antoine Klein, ambaye alifia chomboni Septemba mwaka huo. Katika muswada wa riwaya jina la Klein linaonekana kabla ya kugeuzwa kuwa Kurtz. Klein kwa Kijerumani ni mdogo, na Kurtz linakaribiana na neno la lugha hiyo lenye maana ya mfupi, kwa hiyo mwandishi hakuliacha mbali jina la marehemu. Lakini Klein hajulikani kwa ukatili wowote. Kwa vichwa, wahakiki humtaja Léon Rom, afisa Mbelgiji wa Stanley Falls, ambaye ilichapishwa, kabla riwaya haijakamilika, kwamba alikuwa amepamba kitalu cha maua mbele ya nyumba yake kwa vichwa 21.

Nchi yenyewe ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908, mali yake binafsi kama mtu anavyomiliki shamba, na hakuwahi kuikanyaga. Conrad hamtaji, wala haitaji Kongo kwa jina. Riwaya ilitoka kwa mafungu katika jarida moja la Edinburgh kuanzia Februari hadi Aprili 1899, wakati ambapo mpira ulikuwa umeshazipita pembe kwa faida, na askari wa mfalme walikuwa wakitakiwa wathibitishe kwamba kila risasi imeua mtu kwa kuleta mkono wa kuume uliokatwa. Mikono hiyo haimo katika riwaya. Msomaji anayedhani Conrad alitia chumvi anapaswa kujua kwamba alipunguza.

*Mhariri, Marlow anatuambia tangu mwanzo kwamba hawezi kuuvumilia uongo. Mbona mwishoni anamwambia mchumba wa Kurtz kwamba neno la mwisho la marehemu lilikuwa jina lake? Mume wangu anasema huo ni uungwana tu, mfiwa haelezwi kila kitu. Mimi naona ameharibu hadithi nzima. — Msomaji mwenye ubishi nyumbani*

Dada yangu, mume wako ana hoja, na hata mimi sijui kama ningekuwa na kifua cha kumwambia yule mwanamke. Zaidi ya mwaka umepita, bado yumo katika nguo nyeusi, jioni inaingia, na sebuleni kuna piano kubwa ambayo Marlow anaifananisha na jeneza la mawe lililosuguliwa likang'aa. Hapa niruhusu nikae kidogo. Funguo za piano za enzi hizo zilifunikwa kwa pembe za ndovu. Conrad halisemi hilo, lakini msomaji aliyetoka mtoni pamoja na Marlow, aliyepita katika kichaka ambamo vibarua walitupwa wafe kwa njaa na maradhi, anakiona kile chombo pale kwenye kona na anajua kimetoka wapi. Mwanamke analia juu ya mtu mwema, na mali aliyoifia mtu huyo iko chumbani, chini ya mfuniko, inangoja kupigwa muziki. Marlow alikwisha kutuambia kwamba uongo una harufu ya mauti, na anaongopa katika chumba hicho hicho.

Hata hivyo mnabishania uongo mdogo. Mkubwa umetokea kurasa chache nyuma, na watu huupita kwa haraka. Afisa wa kampuni alipomfuata Marlow akidai karatasi za Kurtz, Marlow alimpa ile taarifa ya kurasa 17 baada ya kuuchana mstari wa mwisho. Afisa hakuipenda. Akaja mwandishi wa habari, Marlow akampa taarifa hiyo aichapishe akipenda, naye akaondoka nayo akiwa ameridhika. Mchumba alidanganywa faraghani, na mwenye moyo wa huruma anaweza kumsamehe aliyemdanganya. Umma wa Ulaya ulipewa kurasa za wema, na kile kipande kilichokuwa na ukweli kikabaki mkononi mwa mtu mmoja aliyekiona kila kitu. Ukiniuliza ni dhamiri ya nani inayostahili kusutwa katika riwaya hii, sitakutajia Kurtz, ambaye angalau alilitamka lile neno. Nitakutajia shahidi wake.

Kusema kwa haki kuliwezekana, na waliofanya hivyo tunawajua. William Sheppard, mmisionari Mmarekani mweusi, aliingia mwaka 1899 katika kambi ya wapiganaji waliotumwa na serikali ya Leopold kudai kodi huko Kasai, akakuta mikono ikikaushwa juu ya moto, akaihesabu: mikono ya kuume 81. Roger Casement, ambaye Conrad alikutana naye Matadi mwaka 1890 na kumpenda, alipanda mto mwaka 1903 akiwa konseli wa Uingereza, akawahoji watu, akaandika waliyosema. Taarifa yake ilipochapishwa mwaka 1904, wakubwa wake mjini London walikuwa wameondoa majina na kuweka herufi tupu, naye alikasirika sana. Unaona jinsi mkono wa kuchana karatasi ulivyokuwa mrefu.

Na Conrad mwenyewe? Desemba 1903 alimwandikia Casement barua akisema ni ajabu kwamba dhamiri ya Ulaya, ambayo miaka 70 nyuma ilikomesha biashara ya utumwa kwa ajili ya ubinadamu, sasa inaivumilia Dola ya Kongo. Akaruhusu maneno yake yatumike. Lakini alipotakiwa aingie mwenyewe katika harakati alijitoa, akijiita mtunzi duni wa hadithi. Mwaka 1924, mwaka aliokufa, aliandika kwamba aliyoyaona kule ulikuwa unyang'anyi mchafu kuliko wote uliopata kuichafua historia ya dhamiri ya binadamu. Nafsi yake ilikuwa ikimsuta bado, miaka 34 baada ya safari. Nadhani ndiyo maana alimtunga Marlow akiwa na kipande cha karatasi kilichochanwa, na sisomi pale nikiona kwamba anamtetea.

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Mhadhiri wetu ametwambia Chinua Achebe alimwita Conrad mbaguzi wa rangi. Je, niendelee kuisoma riwaya hii au niiache? — Mwanafunzi*

Marahaba. Isome, kisha umsome Achebe, na usiruke kimoja. Hotuba unayoisema aliitoa tarehe 18 Februari 1975 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, na hoja yake nzito kuliko ile ya jina alilompa Conrad ni kwamba Afrika imefanywa pazia la nyuma ili akili ya Mzungu mmoja ibomoke mbele yake. Alionyesha pia kwamba Waafrika wa riwaya hii hawapewi maneno isipokuwa mara mbili za maana: mara moja mabaharia wakiomba wapewe adui wawale, na mara nyingine mtumishi akitoa kichwa mlangoni kutangaza kwamba bwana Kurtz amekufa. Hapo Achebe ana haki tupu. Fungua ukurasa wa kile kichaka cha wanaokufa. Kijana mmoja amelala chini, macho yamezama, shingoni amefunga kipande cha uzi mweupe wa sufu uliotoka ng'ambo ya bahari. Marlow anampa biskuti moja, kisha anaanza kujiuliza: kwa nini amefunga uzi huo? Aliupata wapi? Ni nishani, ni pambo, ni hirizi? Anauliza maswali hayo yote, na mwenye uzi yuko hapo miguuni pake, yu hai bado, wala hamuulizi hata kwa ishara. Huwezi kuwa na dhamiri iliyokamilika juu ya mtu ambaye hukumuuliza kitu.

Conrad ana la kujitetea, nalo Achebe hakulipa uzito ambao mimi ningelipa. Mabaharia wale wale, ambao wanasemwa kuwa wala watu, wanalipwa kila wiki vipande vitatu vya waya wa shaba wanunulie chakula katika vijiji ambavyo havipo au vimewakimbia. Nyama yao ya kiboko iliyooza imetupwa mtoni na Wazungu kwa sababu ya harufu. Wana njaa, wako thelathini dhidi ya watano, na hawawagusi. Marlow anashangaa kizuizi hicho kimetoka wapi, na hapo riwaya inakiri, bila kupenda sana, kwamba kujizuia ambako Kurtz alikosa kulikuwa kwao.

Ukimaliza, chukua Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Achebe ya mwaka 1958, na usome kwa makini mwisho wake, pale Mkuu wa Wilaya anapoitazama maiti ya Okonkwo na kuwaza kwamba mtu huyu atamfaa kwa aya moja katika kitabu anachokusudia kuandika kuhusu kuyatuliza makabila. Umeshakutana na mwandishi huyo. Ni ndugu wa yule wa kurasa 17.

*Mhariri, nimesikia katika riwaya hii wametajwa Wazanzibari. Ni kweli? — Msomaji wa pwani*

Ni kweli, na ni sentensi chache tu. Marlow akiwa njiani kwa miguu anamkuta Mzungu mmoja amepiga kambi, sare yake haikufungwa vifungo, yu mkarimu na amelewa, akilindwa na kikosi cha Wazanzibari wembamba wenye silaha. Historia inalingana na sentensi hizo, kwa kuwa katika miaka yake ya mwanzo jeshi la Leopold liliandika watu wengi kutoka Zanzibar, na wapagazi wa pwani walikuwa wameshaizoea njia hiyo tangu safari za Stanley. Isitoshe, mwaka 1887, miaka mitatu kabla Conrad hajafika, Leopold alimfanya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kuwa liwali wa Stanley Falls kwa mshahara. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, na humo anaeleza bila haya jinsi alivyojidai mjukuu wa jamaa ya mtawala mmoja wa bara hadi akarithishwa nchi pamoja na pembe zake. Ni Kiswahili kizuri sana, na sijaona ndani yake mahali ambapo nafsi inamsuta msimulizi.

Turudi njiani. Yule Mzungu mlevi anamwambia Marlow kwamba kazi yake ni kuitunza barabara. Marlow haoni barabara wala utunzaji, mpaka anapokwenda maili tatu mbele na kujikwaa juu ya maiti ya Mwafrika mtu mzima, ana tundu la risasi kwenye paji la uso. Anatania kwamba labda hayo ndiyo matengenezo ya kudumu. Haelezi bunduki ilikuwa ya nani, na katika kambi ile ametaja watu wa aina moja tu kwamba walibeba silaha.